Pasi ya Getruda

Jumanne, 1 Mei 1951. Tabora
Mwezi wa tatu huu mke wangu Getruda yuko kwa mama yake, Urambo. Alikasirika nilipong'oa mlango wa jikoni nikajengea banda la sungura. Sungura wenyewe walitoroka. Jana nilisonga tena ugali wa watu wawili, nikaula wote. Nyumba imenyamaza mno. Nakumbuka hata alivyokuwa akigombana na kuku.

Sasa nimepata shauri. Jahazi! Bwawa la maji ya gari moshi limejaa, na hakuna karani wa stesheni hii mwenye chombo. Nitampakia mke wangu tuvuke ng'ambo mchana kweupe, watu waone. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, akayaona majahazi kwa macho yake. Ubaharia umo damuni! Nimemwandikia barua.

Alhamisi, 3 Mei
Wazungu wa Mwanza huagiza vyombo vyao Ulaya. Wajinga! Mimi sinunui kitu. Mtumbwi wa gome nimeazima kwa Lugembe, mrina asali. Tanga, magunia manne ya karanga. Mlingoti, mti wa kuanikia nguo. Kasia, mwiko. Cha kutolea maji, sufuria kubwa ya Getruda. Na nanga ni pasi yake ya mkaa: nzito, tena ina mpini wa kufungia kamba.

Masolwa, karani wa simu, alikuja kuchungulia. Ni Msukuma, mtani wangu. Akasema upepo utapita humo, tanga hilo lafaa kuchekechea unga. Mtani hakasirikiwi. Nilimsindikiza nikicheka, nikakasirika niliporudi ndani.

Ijumaa, 4 Mei
Dawa ya gunia ni nta! Lugembe amenipa masega, akanionya niyachemshe na kuyachuja kwanza. Mnyamwezi mzima nifundishwe nta? Nimeyapaka hivyo hivyo. Tanga linang'aa, linanukia. Nimelamba vidole.

Jumamosi, 5 Mei
Nilisimama stesheni na shati lililofuliwa. Halikunyooshwa, maana pasi ni nanga. Gari moshi la Kigoma likaja. Akashuka shemeji yangu Kornel, peke yake, na barua. Getruda hataki jahazi. Anauliza kama vyombo vyake vipo salama, hasa pasi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Vikiwepo, atarudi Jumamosi ijayo. Visipokuwepo, nisimsumbue tena.

Atarudi! Nimeisoma barua mara saba. Nilitaka kuifungua pasi kamba pale pale. Lakini Masolwa ameshawatangazia watu habari za kesho.

Jumapili, 6 Mei
Baada ya misa, watu tele ukingoni. Upepo ukashika tanga. Kwa hatua thelathini nilikuwa baharia! Nilipunga mkono. Kisha akaja nyuki mmoja. Wakaja kumi. Wakaja nyuki wote wa Unyamwezi, kufuata asali yao.

Nikatupa nanga. Kumbe ncha ya pili ya kamba sikuifunga popote! Pasi ikazama, kamba ikaifuata. Nikawapiga nyuki kwa sufuria, nayo ikaponyoka. Nikajirusha majini.

Masolwa aliniopoa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanichomoa miiba, mmoja mmoja, mpaka jioni. Nilisikitika ilipokwisha. Alipoondoka, nyumba ikanyamaza tena.

Jumatatu, 7 Mei
Jicho moja limefunguka. Masolwa amenisihi nipande gari moshi la kesho, nikamwambie mke wangu ukweli kabla hajasikia kwa wengine. Eti atasamehe. Ushauri wa mtani huo!

Nimeandika kwamba pasi ipo, sufuria ipo, na mahali vilipo napajua. Si uongo. Nina siku tano za kuviopoa, na shauri ninalo: kokoro! Nyavu za kuvulia hapa hazipatikani, lakini kuna chandarua cha Getruda, kile cha arusi yetu, kipana, hakina hata tundu moja. Nimeshakishusha na kukifunga mawe.

Mbu si neno. Kitandani niko peke yangu.