Ombi la Kutolewa Ndani ya Kompyuta Kabla ya Zamu ya Sauna

Tauno Hirvelä,
Karani wa Vibali vya Magati,
Halmashauri ya Hakojärvi
(kwa sasa yuko jikoni kwake).

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na uko nje. Mimi kiafya sijambo, ila niko ndani.

Tangu mlipoagiza kwamba sisi tunaofanyia kazi nyumbani tutumie kompyuta pepe, yaani kompyuta ya halmashauri inayokaa ndani ya kompyuta ya mtu, kuingia hakujanipa shida hata siku moja. Kutoka ndiko kumenishinda. Kila jioni nakaa kwenye eneokazi, ile skrini ya ndani ya halmashauri, mpaka betri ikate roho, ndipo naachiwa. Kwa sababu hiyo Ijumaa tatu zimepita mke wangu Raili akiteremka peke yake kwenye sauna ya jengo letu, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, kwenye zamu yetu ya saa kumi na mbili jioni. Zamu hiyo tuliipangia foleni binti yetu akiwa chekechea, tukaipata akiwa ameshaolewa.

Sasa Lahja Kettumäki, jirani yetu na katibu wa kamati ya jengo, amenisimamisha penye masanduku ya barua. "Tauno," akaniambia, "zamu ya watu wawili haitumiwi na mtu mmoja. Ijumaa hii usipoonekana, Jumatatu naigawa." Kwetu jirani akikusemesha penye masanduku ya barua, ujue mambo yameharibika kweli. Ijumaa yenyewe ni leo. Kwa heshima zote, naorodhesha malalamiko yangu.

1. Nikibonyeza "Toka", sitoki. Eneokazi linafutika vizuri, nasukuma kiti, naanza kutafuta taulo. Papo hapo kinatokea kisanduku kinaniuliza jina na nywila. Waraka wenu wa usalama unasema mtumishi asiondoke na kuacha swali lisilojibiwa kwenye skrini. Basi najibu. Nikijibu, naingizwa. Nikiingizwa, natoka, naulizwa tena. Mimi nimelelewa kwamba ukiulizwa jina lako unalitaja, na siwezi kubadilika leo kwa ajili ya kisanduku. Jana nimetoka mara nyingi kuliko wateja wa duka la pombe mkesha wa sikukuu ya kiangazi, na bado nilikuwa ndani.

2. Mshale wa kipanya nao ni mfungwa. Ukifika ukingoni mwa dirisha unagota. Nilimpigia simu Hilkka wa dawati lenu la msaada, nikamweleza, akasema, "Bonyeza Kontroli ya kulia, basi. Itakuachia." Nikamwuliza kama kitufe hicho kimo kwenye orodha ya vitufe vilivyoidhinishwa. "Orodha gani tena jamani?" akasema. Ndugu Mkuu, ni orodha yenu wenyewe, nimeibandika kwenye friji. Kontroli ya kushoto imo. Ya kulia haimo. Na fomu ya kuomba kuongezewa kitufe inapatikana kwenye kompyuta ya nje peke yake. Nilipomsomea Hilkka kifungu hicho akaniambia, "Tauno, mimi naenda kunywa kahawa." Kwa hilo simlaumu, maana kahawa imo kwenye mkataba wa kazi.

3. Linafuata suala la saa. Jumatano betri ilipokata roho, kompyuta ya ndani ikalala. Ilipoamka ikaendelea na Jumatano ileile, na mpaka sasa haijashtuka. Hivyo basi, kwa saa rasmi ya halmashauri, Ijumaa haijafika. Naomba cheti chenye muhuri kinachothibitisha hivyo, nimwonyeshe Lahja, kwa kuwa mtu hawezi kupokonywa zamu ya siku ambayo bado iko njiani.

4. Ikiwa cheti hakiwezekani, na mimi siwezi kutoka, basi sauna iingie. Mmeweza kuingiza ofisi nzima, pamoja na kaunta ya mapokezi na picha ya mwenyekiti, ndani ya kitu kilichoko mezani kwangu kando ya siagi. Mabenchi mawili na jiko la mawe hayawezi kuwashinda. Joto lipo tayari, feni ya kompyuta inavuma tangu asubuhi. Raili naye aingizwe na apewe nywila yake, ila isiwe ndefu, macho yake hayaoni vizuri kwenye mvuke.

Usidhani nafanya utani. Mimi na Raili wiki nzima hatuna maneno mengi. Ni pale kwenye benchi la juu ndipo tunapozungumza, yaani mimi namsimulia mambo ya ofisini na yeye anamwagia mawe maji. Nikimfikiria amekaa kule peke yake, hana wa kumsimulia nani ameomba kibali cha gati na nani amenyimwa, namwonea huruma. Mwanamke huyu hakustahili adhabu hii.

Nisalimie Hilkka, wote wa kantini, hasa mpishi wa supu ya njegere ya Alhamisi, na yeyote hapo kitengoni aliyewahi kutoka.

Wako mtiifu, mpaka betri itakapoamua,

Tauno Hirvelä

Baada ya sahihi: Raili ameingia jikoni na taulo mbili, akaisoma barua yote juu ya bega langu, kisha akanyoosha kidole akabonyeza Kontroli ya kulia. Mshale umetoka. Kumbe alimpigia Hilkka tangu wiki ya kwanza, akafundishwa. Nimemwuliza mbona hakuniambia. "Kwa sababu nilipata saa nzima bila kusikia habari za magati," amesema. "Ijumaa ya kwanza raha. Ya pili raha." Nikamwuliza ya tatu je. Akaitazama friji kidogo. "Ya tatu nikamwaga maji, nikauliza, 'Tauno, niongeze?' Pakawa kimya. Haya, inuka, sauna inapoa."

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote. Nimekubaliwa kushuka kwa sharti moja, kwamba nisitaje halmashauri. Tafadhali, Ndugu Mkuu, usiijibu barua hii, maana ukiijibu nitashindwa kujizuia kumsimulia.