Sura ya Marehemu Baba

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimemaliza rasmi kuandika kitabu cha ukoo wetu. Jina lake: Ukoo Wetu Tangu Mwanzo Hadi Mimi. Mke wangu ameuliza kama mimi ndiye mwisho wa ukoo. Mtu aliyekagua mizani ya wafanyabiashara mpaka akastaafu hababaishwi na maswali ya jikoni.

Mchapaji anasema kila kitu kiko sawa isipokuwa jalada. Kitabu cha ukoo hutaka sura ya mzee mbele, watu wajue wanasoma habari za nani. Hapo ndipo penye kidonda. Picha pekee ya marehemu baba ililiwa na mchwa pamoja na kabati. Mimi ni kitinda mimba. Baba alifariki sijaota meno. Sura yake siijui.

Anayejidai kuijua ni binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, tunayemwita Kidevu. Hicho kidevu amekitanguliza maisha yake yote kama taa ya baiskeli. Amejitolea kuweka picha yake mwenyewe kwenye jalada, kwa kuwa yeye, asema, ni marehemu mtupu. Kisha akanigeukia mbele ya mchapaji.

"Kaka, ukoo huu una kidevu. Wewe chako ulikiacha wapi?"

Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Kwamba sifanani na mtu. Kwamba labda niliokotwa. Watu husema huku wakicheka, nami hucheka nao. Leo sikucheka.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata ufumbuzi! Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ikiwa mimi ni mtoto wa baba, sura ya baba ninayo, hata kama imejificha. Kinachohitajika ni koti tu.

Koti nimeliazima kwa fundi cherehani. Lina kola pana za kizamani. Aliyelileta kushonwa hakurudi tena. Kofia ni yangu. Mpiga picha alitaka nitabasamu. Nilimweleza kwamba marehemu hatabasamu.

Picha ilitoka mpya mno. Nimeilaza kwenye sinia lenye chai ya rangi iliyokolea hadi ikawa kahawia, kisha nikazitafuna pembe zake kwa mkasi wa kucha, ionekane kazi ya mchwa. Mke wangu alikuja kuuliza chai imekwenda wapi. Akaiona picha. Akauliza mbona nimevaa koti la fundi. Nilimwambia kwa ukali kwamba anayemwona ni baba mkwe wake.

"Basi mwambie baba mkwe," akasema, "hiyo saa ya mkononi nilimnunulia mimi."

Picha nimeikata. Sasa inaishia juu ya kiwiko.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha ukoo, nyumbani kwangu. Nilitangaza kwamba picha imepatikana katika sanduku la jamaa yetu wa mbali. Umbali wake sikuueleza. Watu walisimama kwa heshima. Nami nilisimama, ingekuwa utovu wa adabu kubaki nimekaa.

Kidevu aliishika muda mrefu, akiigeuza huku na huku. Nikajua nimekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa anatunga yake. Alisema picha hii anaikumbuka tangu siku ilipopigwa. Alikuwa mtoto mdogo, na ndiye aliyesimama kando akimshikia marehemu fimbo. Akawaomba watu wakitazame kidevu cha picha, halafu wakitazame chake. Wakatazama. Wakakubali kwamba ni kile kile.

Mwongo akimwumbua mwongo mwenzake, wanaumbuka wote wawili. Nilinyamaza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kidevu akaondoka na picha ili aikuze.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kwa Kidevu kuidai picha. Nimejikuta ukutani, juu ya televisheni, ndani ya fremu yenye rangi ya dhahabu. Wajukuu zake wamefundishwa kuniamkia. Mmoja alinipita mlangoni bila hata shikamoo, akaenda kuiamkia fremu.

Jirani yao alikuwapo. Alisema Kidevu na marehemu ni kama shilingi kwa ya pili. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya picha, na kofia ni ile ile, lakini hakunitupia jicho.

Kidevu akanishika bega, akanisimamisha mbele ya sura yangu.

"Itazame vizuri, kaka," alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. "Uone ulichonyimwa."

Niliitazama. Njiani nikirudi nimewaza jambo moja tu: hata na mimi mwenyewe sifanani.

Jumapili, 8 Juni

Dada mkubwa ameniita. Yuko kitandani tangu mvua zilipoanza, na daktari hasemi mengi. Ndiye pekee aliye hai aliyewaona wazazi wetu kwa macho yake, na ndiye aliyenilea mgongoni. Habari ya picha imemfikia. Anataka kumwona baba.

Nilifikiria kusema imepotea. Sikusema. Nilikwenda kuichukua kwa Kidevu, fremu na yote, kwa sababu nilitaka kujua. Dada akisema ndiye, basi mimi ni wa ukoo huu. Akisema siye, nitakuwa nimeambiwa na asiyetania.

Aliomba dirisha lifunguliwe. Akaisogeza picha karibu na uso, akapitisha kidole kwenye paji, kisha kwenye mashavu.

"Huyu si baba," akasema. "Huyu ni wewe, na koti halikukai."

Nilimwuliza kama kweli sifanani na baba hata kidogo.

"Hata kidogo."

Nikaketi. Yeye aliendelea kuitazama. Akasema macho hayo ni ya mama. Paji ni la mama. Hata mdomo huo wa kununa asubuhi ni wa mama. Mama alifariki wiki niliyozaliwa, wala hakupata kupigwa picha maishani mwake.

"Nikimkumbuka mama, mdogo wangu, nilikuwa nakutazama wewe."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akajibu kwamba kila nikija na kalamu yangu nauliza baba, babu, na baba wa babu.

"Kitabu chako hakina mwanamke hata mmoja. Nilidhani hutaki kujua."

Nililia. Nayaandika haya kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Dada alinifuta machozi kwa ncha ya shuka, kisha akaniambia nguvu zake zinapungua. Niache mipango yangu, nije nikae, anisimulie mama alivyokuwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimetafakari kwa kina. Nilikosea. Kumweka baba kwenye jalada lilikuwa kosa tangu mwanzo. Mahali pale ni pa mama, na sura ya mama, kwa ushahidi wa dada mkubwa, ninayo mimi peke yangu katika ukoo mzima. Kidevu na aone wivu.

Masharubu nimeyanyoa. Mke wangu alinitazama, halafu akaniazima kitambaa cha kichwa. Fundi ana gauni la kizamani linalonitosha kifuani. Mpiga picha aliniomba nirudie maelezo. Niliyarudia. Tumeagana Alhamisi asubuhi, wakati mwanga ni mzuri.

Jioni umekuja ujumbe kutoka kwa dada. Amepata nafuu kidogo. Leo ameweza kuketi. Anasema niende Alhamisi asubuhi, kabla hajachoka, aanze kunisimulia habari za mama tangu mwanzo. Niende bila kalamu.

Nimemjibu kwa heshima zote kwamba Alhamisi haiwezekani. Alhamisi mama anapigwa picha.