Mwenyekiti wa Vijana Hapewi Shikamoo

Jumatatu, 17 Februari

Siku kubwa kwa historia ya Songea. Na kwangu. Sioni tofauti.

Barua imetoka ofisi ya kata. Umoja wetu wa Vijana Watunza Historia, hapa Bombambili, umeteuliwa kupokea wanafunzi wa shule mbili za msingi Jumatano ya tarehe 26, siku moja kabla ya Kumbukizi ya Mashujaa wa Majimaji. Tutawatembeza makumbusho na kwenye kaburi la pamoja. Mwenyekiti atatoa hotuba. Mwenyekiti ni mimi, William Mahundi! Mwaka wa kumi na nne huu, sijapingwa hata mara moja. Ni kweli sijawahi kuitisha uchaguzi, lakini rekodi ni rekodi.

Kasoro moja. Mtendaji wa kata ni mgeni, dada mmoja anaitwa Edna, amehamia kutoka Singida mwezi uliopita. Ana tabia ya kusoma mafaili. Alikuja kikaoni leo akauliza viongozi wa umoja walichaguliwa lini. Nikamjibu kwamba hilo ni swali zuri sana. Akasubiri. Nikarudia kwamba ni zuri. Akasema basi uchaguzi ufanyike Jumapili hii, la sivyo nafasi inakwenda kwa kikundi cha kata ya Lizaboni.

Lizaboni!

Hapo akanyoosha mkono Nasrin. Miaka ishirini, kamaliza kidato cha sita mwaka jana, baba yake mfanyabiashara wa korosho aliyehamia hapa kutoka Tunduru. Kasema atagombea. Halafu akanigeukia kwa adabu zote: "Shikamoo, Mwenyekiti."

Mbele ya watu! Mwenyekiti wa vijana hapewi shikamoo. Nikamjibu "poa".

Jumanne, 18 Februari

Nimefungua faili la katiba. Kifungu cha nne: mwanachama awe na umri wa miaka 18 hadi 35. Nani aliandika upuuzi huu? Niliandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sikuona mbali.

Nina arobaini na moja. Lakini ujana ni moyo. Tena kibanda cha kutoa kopi ni changu, kompyuta yangu, karatasi zangu. Nimepiga upya ukurasa wa pili. "Miaka 18 hadi 45." Nimeukunjakunja, nikaumwagia chai kidogo uonekane wa zamani. Umetoka vizuri mno. Nimejivunia kazi ya mikono yangu.

Saa tisa nikaupeleka kwa Edna. Akaupokea, akafungua kabati, akatoa nakala niliyoisajili mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita. Akaziweka mbili pamoja mezani. Akapitisha kidole kwenye kifungu cha nne, kwanza hiki, kisha kile.

Mwishowe akasema ataniruhusu nigombee mara hii moja kama mwanachama mwanzilishi, kwa heshima ya miaka niliyotumika, ila wanachama waambiwe umri wangu ukweli ulivyo. Ushindi! Nimebaki kwenye kinyang'anyiro.

Ile karatasi ya chai kaibakiza. Anasema ni kumbukumbu.

Jumatano, 19 Februari

Wanachama kuambiwa umri ni jambo moja. Kuuona ni jingine. Nimepaka piko nywele zote, na ndevu. Weusi wa kutisha. Nimevaa kofia kinyumenyume na raba za mdogo wangu, zinabana.

Lidwina, mke wangu, alinitazama akauliza kama kuna msiba.

Nikatoka kuomba kura stendi ya bodaboda, ambako wanachama wetu wengi wanashinda. Nilianza vizuri. Niliwaambia vijana wenzangu kwamba huu ni wakati wetu. Mvua ikashuka, ile ya Februari ya hapa kwetu isiyobisha hodi. Nilipofika kwenye neno "uadilifu" piko ilikuwa imeshuka hadi kolani. Ibra wa bodaboda akanipa kitambaa cha kufutia pikipiki. Akasema, "Pole, mzee wangu."

Mzee wangu. Yule Ibra nilimwandikisha umoja kwa mkono huu.

Nasrin alikuwapo, chini ya mwavuli. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 20 Februari

Nimepata wazo. Nilikuwa nakata kucha nikasimama ghafla, mkasi ukaanguka.

Nimemwendea Edna nikapendekeza hivi: kabla ya kura, kila mgombea asimulie kisa kimoja cha kweli cha Vita vya Majimaji au siku zilizofuata. Dakika kumi. Umoja ni wa historia, kiongozi apimwe kwa historia. Edna akasimama akanipa mkono. Kasema hajasikia wazo zuri kama hilo tangu afike Songea.

Hajui undani wake. Mimi ni Mahundi. Ukoo wetu umekuwa kijijini Mpitimbi tangu kabla ya Mjerumani. Nasrin ni Myao wa Tunduru, jana tu kafika. Atasimulia nini? Bei ya korosho?

Jioni Lidwina akaniuliza ni kisa gani hicho cha ukoo wetu nitakachosimulia. Nikamwambia kipo. Akauliza kipi. Nikamwambia Jumamosi nakwenda Mpitimbi kukichukua.

Jumamosi, 22 Februari

Mpitimbi. Matope hadi magotini. Shangazi Kunegunda, dada mkubwa wa marehemu baba, nimemkuta akichambua maharage. Umri umepita themanini na tano, masikio mazima. Shikamoo, marahaba, habari za huko mjini, mbona nywele zako zina mabaka. Nikaruka hilo swali.

Nikamwomba anisimulie habari za babu yao, Mahundi mwenyewe, ambaye jina lake tunalibeba. Aliua Wajerumani wangapi? Alinyongwa siku ile pamoja na wale machifu na majemadari?

Shangazi akasema hakunyongwa. Hakuua mtu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na nane tu.

Nikauliza sasa alifanya nini.

"Alipika," akasema.

Alipika!

Akaeleza polepole. Kwamba wanaume walipokwisha kuuawa, askari wa Mjerumani wakachoma maghala na mashamba. Njaa ikaingia. Mahundi akakusanya watoto waliobaki peke yao, kumi na mmoja, akawaficha msituni. Akawachimbia mizizi, ile yenye sumu akiiloweka siku tatu, anaonja kwanza yeye, anasubiri kutwa nzima, ndipo anawapa. Misimu miwili. Watoto wote kumi na mmoja wakarudi wazima. Shangazi alisema "wote" mara mbili, akaacha kuchambua.

Nilisikitika sana. Nimetoka mjini kwa gari la Noah lililojaa magunia kuja kufuata shujaa, nimepewa mpishi.

Nilipokuwa natoka nikamsikia Shangazi akisema kwamba kuna binti mmoja mzuri, wa Kiislamu, naye alikuja wiki mbili zilizopita kuuliza habari hizo hizo. Alimsaidia kupukuchua mahindi siku nzima. Sikutilia maanani. Nilikuwa nawahi gari.

Njiani nimetengeneza kisa kingine. Kizuri kuliko cha Shangazi. Hakina mzizi hata mmoja.

Jumapili, 23 Februari

Nimeahidi shajara hii ukweli, kwa hiyo naandika.

Ukumbi wa kata, baada ya misa ya pili. Wanachama thelathini na wanane. Edna mezani, kadi za kura kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Lidwina mstari wa mbele. Naye ni mwanachama, ana thelathini na tatu, jambo alilolitaja bila kuulizwa.

Nilianza mimi. Nikawasimulia jinsi babu wa baba yangu, Mahundi, jemadari wa mikuki mia tatu, alivyosimama peke yake mbele ya bunduki ya rashasha. Jinsi alivyodaka risasi kwa mkono wa kushoto. Nikaonyesha ule mkono. Jinsi alivyokufa amesimama, na maadui wakaogopa kumkaribia mpaka siku ya tatu. Sauti ilinitetemeka penye kutetemeka. Nikapigiwa makofi! Ibra alipiga mluzi. Niliketi nikiwa mwenyekiti kamili, kuanzia utosini hadi kwenye zile raba.

Akasimama Nasrin. Hana karatasi. Sauti ndogo, ikabidi watu wanyamaze. Akasema shuleni tumefundishwa majina ya waliokufa, na ni haki yao, na yeye anayajua. Ila alitaka kujua sisi tuliopo tumetoka wapi. Nani alihakikisha kwamba baada ya vita na njaa ile kutakuwa na mtu wa kukaa ukumbini kama huu. Ndiyo maana tangu Desemba amezunguka, Madaba, Mpitimbi, hata kwao Tunduru, maana vita ile haikuwa ya kabila moja, anauliza wazee swali hilo hilo.

Kisha akasimulia kijana wa miaka kumi na nane. Watoto kumi na mmoja. Mizizi iliyolowekwa siku tatu. Anaonja, anasubiri kutwa, anagusa tumbo lake, ndipo anawapa.

Dada mmoja nyuma yangu alikuwa akivuta kamasi. Kisa kile kile! Kwa Shangazi nilikisikia kwa masikio ya mtu anayewahi gari. Sasa nilimwona kabisa yule kijana, amekaa na njaa yake, anasubiri kuona kama atakufa.

"Kijana yule," Nasrin akasema, "aliitwa Mahundi."

Nilisimama kabla sijafikiri. Nikapaza sauti: "Huyo ni babu yangu!"

Watu wakanigeukia. Ibra, taratibu kabisa, akauliza: "Si huyo aliyekufa amesimama?"

Sikumbuki kuwahi kusikia kicheko kirefu vile. Hata Edna aliinamisha kichwa kwenye ndoo. Mimi nikabaki wima, mkono wa kushoto hewani, ule wa kudakia risasi.

Nasrin hakucheka. Akanyoosha kiganja kuwatuliza, akasema ndiyo, ni babu wa baba yake kaka William, na kama si ukoo ule pengine baadhi yetu tusingekuwapo, kwa hiyo naomba tumpigie makofi. Wakapiga. Ni kaka, safari hii. Si shikamoo. Nililiona hilo.

Kura: Nasrin thelathini na nne. Mimi nne. Moja yangu. Nimemuuliza Lidwina tulipofika nyumbani. Amesema kura ni siri, halafu akaniongezea nyama.

Jumatano, 26 Februari

Nasrin aliniomba nije mapema nisimamie viti. Viti! Mwenyekiti mstaafu! Nikaenda ili nione wanavyoharibu.

Hawakuharibu. Nasrin aliwagawa wanachama wawili wawili, kila wawili na watoto ishirini. Ibra, yule Ibra, aliwaeleza watoto habari za maji ya dawa, kwa nini watu waliyaamini na namna yalivyowaunganisha, mpaka mwalimu wao akawa anaandika. Vijana niliokuwa nao miaka kumi na minne sikujua kama wanaweza kusema. Sikuwahi kuwapa nafasi ya kusema. Nilikuwa nasema mimi.

Kwenye kaburi la pamoja watoto waliyasoma majina kwa zamu. Sauti zao nyembamba, majina mazito. Wengine walikuta majina ya koo zao wakayagusa kwa kidole, wenzao wakawashika mabega.

Halafu Nasrin akawasimulia habari za Mahundi. Akanionyesha mimi, huku nyuma, na kiti kila mkono. Kitoto kimoja cha darasa la nne, Zulfa, kikatoka mstarini kikaja kuniuliza kama yule babu alikuwa haogopi kufa. Nikafungua kinywa nikimtafutia jibu la jemadari. Likakataa kutoka. Nikamwambia aliogopa sana, kila siku, na kila siku alionja.

Akafikiri. Akasema yeye pia angeonjea wadogo zake, labda.

Nililazimika kwenda kuhesabu viti. Viti mia mbili na arobaini. Vilikuwa vimetimia, lakini nilivihesabu tena na tena mpaka macho yakakauka. Sijawahi kujivunia jina langu namna ile, na hakuna aliyekuwa amenichagua kuwa chochote.

Jumamosi, 1 Machi

Edna ameleta barua ya shukrani kwa umoja. Aya ya tatu, mstari wa pili, nanukuu: "Pia tunampongeza Ndugu William Mahundi kwa mpangilio mzuri wa viti."

Nimeisoma mara tisa. Hii si pongezi ya kawaida. Huu ni uteuzi.

Nimekaa kibandani asubuhi nzima nikiandika muundo. Idara ya Viti na Maturubai, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Makao makuu Bombambili. Mratibu Mkuu: W. Mahundi. Naibu: nafasi ipo wazi, na itaendelea kuwa wazi. Kuanzia sasa hakuna kikundi kitakachoketi Songea bila kibali changu. Nasrin akitaka kuongoza, aongoze. Watu wake watakalia nini?

Lidwina amesoma juu ya bega langu. Ameuliza Mratibu Mkuu amechaguliwa na nani. Nikamwambia uchaguzi utakuwapo, ni lazima, mimi ni mtu wa demokrasia. Utafanyika baada ya miaka kumi na minne, watu wakishazoea.

Jumatatu nakwenda mjini kuchonga mhuri. Wa duara.