Picha za Harusi Zenye Gigabaiti Nane

Jumatatu, 3 Novemba

Seva ya shule imezimia tena. Mara ya tatu tangu asubuhi! Walimu wanaingiza alama za mtihani, kumbukumbu ya seva (RAM) inajaa, Linux, mfumo unaoiendesha, inaanza kuua programu moja baada ya nyingine. Ijumaa lazima matokeo yatoke, na siku hiyo hiyo Mwalimu Mkuu atatangaza nani awe mkuu wa kitengo cha kompyuta: mimi au mwenzangu, tunayemwita Miwani. Mama mkwe nimeshamwambia kwamba nimeteuliwa. Jumamosi anakuja kuiona ofisi yangu. Nisipoipata, nimekwisha.

Miwani kamshauri Mwalimu Mkuu tuagize kumbukumbu mpya, zitafika baada ya wiki mbili. Nikaangua kicheko. Nikasema nitaiongeza kesho, bila kununua hata skrubu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeweza! Nimetenga gigabaiti nane za diski nikazifanya swapu, yaani sehemu ya diski inayojifanya kumbukumbu pale kumbukumbu yenyewe inapojaa. Amri nne tu. Seva haijazimia tangu saa tatu. Mwalimu wa hesabu kanipa mkono.

Tatizo ni Miwani. Akiliona faili la swapu atasema hata yeye angeweza. Nimelibandika jina ambalo hakuna mfanyakazi mwenye akili timamu atakayethubutu kuligusa: "picha za harusi ya Mwalimu Mkuu". Nimecheka peke yangu hadi katibu muhtasi akachungulia mlangoni kuuliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Miwani alikuwa akisafisha diski, akaliona faili. Kwa adabu zake, hakulifungua. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu kumpa habari njema.

Nani alijua kwamba picha zake za harusi zilipotea na kompyuta iliyoungua miaka sita iliyopita? Si mimi! Akaja mwenyewe chumba cha seva, machozi yakimlengalenga, akauliza kama ni kweli. Nilitaka kusema hapana. Mdomo ukasema ndiyo, mama. Akanishika mabega akaniita mwanangu. Akasema marehemu baba yake yumo katika picha hizo, na hana nyingine inayomwonyesha akicheka. Niliona aibu, kweli kabisa, kwa dakika nzima.

Nikasema picha zimebanwa sana, kuzifungua ni kazi ya siku nyingi. Akasema anazitaka kesho, mumewe atakuja kuzitazama.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango: kuzima swapu, kufuta faili, kusema picha zimeharibika, kulia naye kidogo. Safi kabisa.

Saa nne asubuhi, walimu wote wakiwa wanaingiza alama, nikaizima. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba vilivyokuwa ndani ya swapu lazima virudi kwenye kumbukumbu. Vikarudi, vyote kwa mpigo, na kumbukumbu ilikuwa imejaa pomoni. Seva ikakoroma ikafa. Alama za asubuhi nzima zikapotea. Walimu wakajaa koridoni, na mwalimu wa hesabu akasema anajuta kunipa mkono.

Mwalimu Mkuu akafika na mumewe, mzee wa watu kavaa suti. Miwani akaiwasha seva, akafungua rekodi ya amri zangu, akaisoma kwa sauti, pamoja na jina la faili. Mume akauliza picha ziko wapi basi. Mwalimu Mkuu hakunifokea. Heri angenifokea.

Ijumaa, 7 Novemba

Mkuu wa kitengo ni Miwani. Swapu kaitengeneza upya, kaipa jina lake halisi, na kaiandika katika orodha ya vitu vinavyowashwa seva inapoamka. Mimi huko sikuwa nimeiandika kabisa. Kaniambia kwa upole kwamba hata bila ile harusi, swapu yangu ingepotea siku umeme ukikatika. Namchukia mtu asiyeringa!

Walimu waliingiza alama upya, matokeo yakatoka jioni. Mimi nimehamishiwa maktaba, nitunze kompyuta moja kongwe. Nilikwenda kumwomba radhi Mwalimu Mkuu. Alisema amenisikia. Kusamehe hakukutaja.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama mkwe kafika saa nne. Nikampeleka maktaba. Meza pana, madirisha sita, kimya! Akauliza kama chumba chote hiki ni changu. Nikamwambia mama, mkuu wa kitengo hawezi kubanwa. Akasema binti yake kapata mume. Nilivimba!

Kisha akataka kuniona nikifanya kazi. Kompyuta ikasuasua, ukurasa mmoja dakika tano. Aibu gani hii! Nikatazama diski: imejaa, hata pa kuweka swapu hapana. Kuna faili moja nene kuliko yote, limeandikwa "orodha ya vitabu". Orodha ya nini, na vitabu vyenyewe vimepangwa rafuni, elfu kumi na mbili, mwenye macho anaviona? Nikalifuta. Nikaweka swapu ya nguvu. Kompyuta ikaanza kwenda mbio, mama mkwe akapiga makofi.

Wakati wa kutoka mlinzi akanieleza kwamba mkutubi aliiandika orodha hiyo peke yake, pamoja na picha ya jalada la kila kitabu, kwa miaka kumi na minne. Maskini, sasa atapumzika. Yuko likizo, anarudi Jumatatu. Sijampigia simu. Nataka ashtuke mwenyewe akiona kompyuta yake inavyokwenda mbio.