Vidole Kumi na Vinne vya Kanda ya Harusi

Jumatatu, 4 Agosti
Kanda ya video imekubali kufunguka. Niliipata ndani ya sanduku kuukuu nililonunua sokoni Kabati. Nilitaka sanduku tu. Fundi wa simu ameihamisha kwenye flashi. Harusi ya jirani, mwaka wa tisini na nane, na katikati ya wachezaji ni nani? Mulinge wangu, marehemu, kofia imepinda, anacheka. Miaka sita sijasikia kicheko hicho. Nimerudisha nyuma mara tisa. Chai imepoa.

Nimepata wazo. Jumamosi kikundi chetu cha akina mama kinaigiza mchezo wa harusi ya zamani, ukumbi wa kanisa. Tuonyeshe kanda kwenye shuka nyuma ya waigizaji. Binti yangu Wavinya anafanya kazi hotelini Makindu, hajafika nyumbani tangu Krismasi. Nikamwandikia: njoo Jumamosi umwone baba yako. Akajibu hapo hapo: nakuja, Mwaitu, ndivyo anavyoniita mama kwa Kikamba.

Jumanne, 5 Agosti
Ndululu, mwenyekiti wetu, amekataa. Alikaa semina siku moja Kitui mjini, basi amekuwa wakili. Ati huwezi kuonyesha watu kanda ya mtu bila ruhusa ya maandishi. Nikasema hii ni yangu, nimeinunua. Akaniuliza, "Mama Wavinya, ukinunua redio, umenunua na mtangazaji?" Wakacheka wote. Nikacheka pia, kidogo.

Haya, ruhusa. Lakini kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu. Nimenunua sukari.

Alhamisi, 7 Agosti
Miguu imevimba. Kwenye kanda wanaonekana watu kumi na wanne. Kila mmoja nimempelekea sukari, akaweka kidole gumba kwenye daftari. Bibi harusi amekubali, ila nisimwambie bwana harusi, waliachana. Bwana harusi yuko Kwa Vonza, amekubali kwa sharti hilo hilo. Mama mmoja ameokoka, anataka miguu yake isionekane ikicheza. Kwa Mulinge nimeweka kidole changu.

Lakini ilikuwa vizuri kuingia nyumba za watu. Kwangu hakuna anayebisha hodi.

Ijumaa, 8 Agosti
Ndululu amesoma vidole vyote, akauliza aliyeshika kamera yuko wapi. Nikamwambia huyo haonekani. Akasema ndiye mwenye kanda hasa.

Kumbe ni mzee Kimeu, hapa nyuma ya kinu cha posho. Kila siku napita mlangoni pake. Nimeenda mbio. Sukari imeisha. Akasema habari zangu amezisikia, hata mpishi nimempelekea, hata mpiga ngoma, na yeye aliyesimama juani siku nzima nimemfikia wa mwisho, mikono mitupu. Amekataa.

Wavinya sijamwambia. Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti
Shuka lilibaki jeupe. Nikasimama kando yake nikaeleza kwa mdomo: hapa Mulinge anaingia, hapa kofia inapinda kushoto. Nikajaribu kucheka kama yeye. Sauti ikakatika.

Kiti cha mbele nilikiwekea leso. Kilibaki na leso. Wavinya ameandika: zamu imebadilishwa, Mwaitu, nitumie tu kwa simu.

Watu walipoondoka mzee Kimeu alitokea nyuma. Akasema kofia ilipinda kulia, yeye ndiye aliyeona. Niende kesho na sukari, ataniandikia.

Jumapili, 10 Agosti
Mzee Kimeu ameandika: ruhusa kwa ukumbi, si kwa simu. Nikaapa. Tumeangalia pamoja. Yeye pia anaishi peke yake, vikombe anavyo viwili, kimoja kina vumbi.

Alipoenda kuongeza maji, nikaona kwenye rafu kanda imeandikwa "Harambee ya kanisa, 2003". Siku hiyo naikumbuka. Wavinya alikuwa mgongoni mwangu, Mulinge alichanga jogoo.

Sasa iko ndani ya kiondo changu. Nimemwandikia Wavinya: hii haiwezi kutumwa kwa simu, mpaka uje. Hajajibu bado.

Mzee Kimeu sijamwambia. Kwa hii tuko ndani sote watatu, mimi, Wavinya na Mulinge. Nimwombe nani ruhusa?