Mheshimiwa Afukuza Mpangaji

Mheshimiwa hakuwahi kuchaguliwa na mtu yeyote, hata kwenye kamati ya mazishi, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo kwa ajili ya suti yake na jinsi alivyokohoa kabla ya kusema. Alikuwa amepanga chumba cha mbele katika nyumba ya mama mmoja mjane, kwa makubaliano ya mdomo tu. Siku mjane huyo alipochoshwa na visingizio vyake vya kodi na kumwambia afungashe virago jioni hiyohiyo, Mheshimiwa alikohoa.

"Mama yangu, kunitoa unaweza, lakini kwa utaratibu. Mpangaji ni mpangaji, karatasi iwepo isiwepo. Nalipa mwezi kwa mwezi, basi nipe notisi ya mwezi mzima. Nikikaidi, nenda mahakamani. Ukinitupia godoro nje leo, mwenye kosa ni wewe."

Mwenye nyumba alikwenda kuulizia, akaambiwa ni kweli tupu. Alirudi amenywea, akaingia chumbani kwake uani. Mheshimiwa alibaki barazani akikitazama chumba chake kwa jicho jipya. Kumbe kumtoa mtu ndani ni kazi ngumu kiasi hiki! Basi chumba hiki ni mali, na mali hukodishwa.

Wiki hiyohiyo alimpata fundi cherehani, mwanamke mpole aliyekuwa akitafuta chumba kinachotazama barabara.

"Nyumba ni yako, kaka?"

"Yangu, na kabla yangu ya marehemu baba."

Bei ilikuwa ya chini mno, fundi akadhani ameokota dodo. Akalipa kodi ya mbele, kisha akaulizia karatasi ya mkataba. Mheshimiwa akaweka mkono kifuani kama aliyetukanwa.

"Dada, baina ya waungwana?"

"Na yule mama wa uani ni nani?"

"Shangazi yangu." Mheshimiwa akashusha sauti kwa huzuni. "Akili zimemruka, maskini. Hujiona yeye ndiye mwenye nyumba. Akija kukudai chochote, mpe chai na umwitikie tu."

Kwa mwenye nyumba alisema kwamba fundi ni dada yake wa toka nitoke, amekuja kutibiwa mgongo. Basi maisha yakaendelea kwa amani ya ajabu. Kila mara mjane alipobisha hodi kumuulizia Mheshimiwa, alikalishwa, akamiminiwa chai, akapapaswa bega na kuitwa shangazi. Alianza kuipenda familia ile. Mheshimiwa mwenyewe alilala kwenye benchi la kinyozi, akala kodi ya fundi taratibu, na akajiona mwanamume aliyepewa kipaji.

Ndipo simu ikaja kutoka kwa mama yake mzazi.

"Mwanangu, niko njiani. Nataka kuiona nyumba uliyojenga kabla macho hayajaniisha."

Mheshimiwa alikuwa amewadanganya polisi, maimamu, wachungaji na daktari wa meno bila kutoka jasho. Lakini mama yake alimwonea haya, na uongo wa nyumba aliusema siku moja tu, mama alipokuwa mgonjwa na anahitaji kufurahishwa. Kama bibi kizee huyo angefika na kumkuta kwenye benchi la kinyozi, Mheshimiwa aliona heri afe. Akakimbia mpaka chumbani.

"Dada, utoke. Leo. Sasa hivi."

Fundi hakuinua mguu kwenye cherehani. "Notisi iko wapi?"

"Notisi ya nini? Karatasi unayo? Asiye na karatasi hana haki!"

"Kodi umekula, kaka. Mimi nashona."

Mheshimiwa akaazima bisibisi na kufanya kile ambacho wenye nyumba wakorofi hukifanya maneno yakiwaishia: aling'oa mlango. Alikuwa ameubeba mgongoni, suti imejaa vumbi, mwenye nyumba alipotokea uani.

"Mlango wangu unaupeleka wapi?"

"Shangazi, njoo ukae," fundi akaita. "Chai i tayari. Kaka ananifukuza bila notisi."

"Notisi ya nini? Na dada yako anafukuzwaje, wewe?"

"Mimi si dada yake! Ni mpangaji wake!"

Wanawake wawili wakatazamana. Kisha wakamgeukia yeye, pamoja.

"Si ulinifundisha," mwenye nyumba akasema polepole, "kwamba mpangaji ni mpangaji, karatasi iwepo isiwepo?"

Mheshimiwa akatoka nje ya kizingiti. "Huku mimi ni mpangaji. Karatasi haihitajiki." Akarudi ndani, mlango ukigonga fremu. "Huku mimi ni mpangishaji. Karatasi inahitajika sana."

"Chagua upande mmoja! Kama asiye na karatasi hutoka leo, tangulia wewe. Kama hupewa notisi, mwache dada wa watu ashone."

Akatoka tena, akaingia tena, akitafuta hoja na mlango mgongoni. Mara ya mwisho alipotoka alikutana uso kwa uso na bibi kizee mwenye kapu.

"Mwanangu," bibi akasema, "nyumba hii ni ya nani?"

Mheshimiwa alikohoa. Akakohoa tena. Sauti iliyouza kila kitu mtaani ikagoma kutoka, na machozi yakatangulia.

"Ya huyu mama."

"Na chumba?"

"Nilipanga mimi. Nikampangisha huyu dada."

Bibi akamgeukia mwenye nyumba kumsikiliza. Mwenye nyumba akasema: "Notisi yako ya mwezi mzima inaanza leo, Mheshimiwa, kama sheria inavyotaka. Mpaka iishe wewe ni mpangaji wangu halali. Ila chumba kina mtu, umemuweka mwenyewe. Dada nitapanga naye mimi, kwa maandishi."

"Mama, wewe utalala hapa kwangu," fundi akamwambia bibi na kumpokea kapu. "Karibu ndani, chai ipo."

"Ahsante, binti yangu. Na wewe, rudisha mlango wa watu."

Mheshimiwa akavua koti, akapiga magoti, akakaza bawaba moja baada ya nyingine huku ndani vikombe vikigongana na wanawake watatu wakicheka kama waliozaliwa tumbo moja. Alipomaliza, bibi alikuja kuujaribu mlango. Ukafunga barabara, bila hata kulia.

"Umeufunga vizuri, mwanangu," akasema kutoka ndani.

"Lakini mama, mimi niko nje!"

"Najua."