Mtaalamu wa Mazingira ya Kipekee

"Hajazaliwa wa kunilia hela," Kwasi Ampem alimtangazia kinyozi wake, hapa Tottenham, siku ya Ijumaa. Kumbe alikwishazaliwa, tena zamani: bibi wa miaka sitini na tisa.

Kwasi alimwona saa hiyohiyo, duka la jirani la ndizi na mihogo. Maame Yaa Frema alikuwa akimweleza muuzaji, machozi yakimlenga, kwamba mjukuu wake Serwaa yuko Kumasi, mama yake amefariki, hana mwingine duniani, na watu wa uhamiaji wanataka bibi athibitishe "mazingira ya kipekee". Masikio ya Kwasi yakasimama kama ya paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

"Maame, Mungu kakuleta kwangu. Mazingira ya kipekee ndiyo kazi yangu."

"Wewe ni wakili, mwanangu?"

"Mawakili wananiamkia!"

Akabeba bahasha ya pauni mia sita, akiba yote ya bibi. Kesho yake akamletea kiti cha magurudumu.

"Habari ya yatima imechuja, Maame, kila mtu anayo. Kuanzia leo hutembei."

"Nisipotembea, mtoto atalelewa na nani?"

Kwasi akakohoa. Kwa heshima zote za taaluma yake, hilo hakuwa amelifikiria. "Wewe kazi yako kulia. Kufikiri niachie mimi."

Hapo bibi akajua kaingizwa mkenge. "Basi nirudishie changu."

"Ada hairudi, Maame. Ikirudi inaleta nuksi."

Bibi akalainisha sauti. "Haya. Kesho nisukume kanisani, watu wanione nilivyopooza. Wengi wao wana ndugu wa kuleta." Kwasi akameza mate. Alipoondoka tu, bibi akampigia mchungaji simu, wakaongea sana.

Kanisani kwetu sadaka hutolewa kwa siku ya wiki mtu aliyozaliwa. Wa Jumatatu wanashindana na wa Jumanne, na kuendelea, ngoma zikilia na leso zikipepea, na siku inayoshinda hutamba wiki nzima. Kwasi, kama jina lake linavyosema kwa lugha ya kwetu, ni wa Jumapili. Na siku hiyo Jumapili ilikuwa inaburuta mkia.

"Watu wa Jumapili," Maame Yaa alinong'ona kitini, "midomo mipana, mifuko imeshonwa."

"Maame, usinichokoze."

"Mimi? Mimi nimepooza tu."

Kwasi akacheza hadi mbele, akaweka ishirini. Akina mama wa Jumamosi wakamzomea. Akaweka hamsini. Ngoma ikapanda, mtu akamwita "Chifu!" Jamani, neno hilo limefilisi wanaume wengi. Safari ya nne akatumbukiza bahasha yenyewe ya Maame Yaa.

Jumapili ikashinda! Mchungaji akashika kipaza sauti: "Sadaka yote ya leo ni ya wakili wa kweli, wa mjukuu wa Maame Yaa!"

Maame Yaa akainuka kitini, akacheza mpaka madhabahuni. "Muujiza!" watu wakalia. Kwasi angesema nini? Kwamba bibi hakuwa mgonjwa? Akatoka kimyakimya, na kiti hakurudi kukidai.

Wakili aliandika ukweli mtupu: mtoto kabakiwa na bibi mmoja, na bibi huyo ana miguu mizima ya kumkimbiza. Ukatosha.

Juzi, nyumbani kwa Maame Yaa hapahapa Tottenham, nilikuwa namsimulia Serwaa mwenyewe haya, mashavu yake yamejaa ndizi za kukaanga. "Wajinga waliamini ni muujiza," nikamwambia. "Mimi nilijua tangu mwanzo, nikacheka tu."

Jikoni sufuria ikanyamaza.

"Wee Fiifi!" Maame Yaa akaita. "Si ndiwe uliyenijia kwa magoti, ukilia nikuguse na wewe upone goti uliloumia mpirani?"